Wimbo wa Isaya Kando ya Barabara ya Beni

Sisi wa kwaya ya Butembo tulikwenda Beni kwa sababu ya wimbo uliokosa mtu wa kuuanzisha. Aliyeutunga ni dada yangu mkubwa, yaya Masika, wakati barabara zetu zilikuwa bado hazina vizuizi vya askari. Aliutoa katika ile sura fupi ya nabii Isaya inayosema kwamba siku itakuja, na siku hiyo watu watamwimbia Mungu hadharani mpaka dunia yote ijue alilotenda. Ni wimbo wa kuulizana. Mmoja anauliza, "Siku ile mutasema nini?" na wengine wanajibu, "Tutasema Bwana ametenda!" Kazi yote iko kwa yule anayeuliza. Masika alipouliza, hata waliokuwa wanasinzia benchi za nyuma walishtukia wanajibu.

Masika aliolewa Beni na Kasereka, dereva wa lori, akaingia kwaya ya kanisa la huko. Kisha Kasereka alikwenda upande wa Mambasa kuchukua mbao, na hakurudi. Lori halikurudi, mwili haukuletwa, wala hakuna aliyesema nimemwona mahali fulani. Wakati huo mapigano yalikuwa yamejaa msitu wa huko, na watu wengi walipotea namna hiyo.

Sasa, kwaya zetu zina desturi moja. Mfiwa hasimami katika safu ya waimbaji mpaka matanga yaondolewe. Watu wanazika, wanakaa kilio, muda unapita, halafu siku moja jamaa na kwaya wanakuja nyumbani kwake wamevaa sare, wanamwimbia, wanamrudisha mahali pake. Ni desturi nzuri na imewapumzisha wengi, sitaisema vibaya. Lakini Masika hakuwa na mtu wa kuzika. Matanga hayakuanza, kwa hiyo hayakuweza kuondolewa. Alijitoa safuni mwenyewe, kwa heshima ya mume wake, na hakuna aliyejua njia ya kumrudisha. Mwaka wa pili sasa alikuwa anakaa katikati ya kanisa, mdomo umefungwa.

Kanisa la Beni lilipotualika kwa Jumapili ya kumsifu Mungu pamoja na watu waliokimbia vita vya Ituri, kiongozi wetu Kambale, ambaye siku za kazi ni fundi wa cherehani, alisema tutaimba Isaya.

"Nani ataanzisha?" nilimuuliza.

"Yaya wako."

"Yaya wangu haimbi tena, unajua."

"Donc, basi, tunaenda kumuomba," akasema, kama mtu anayekwenda kuazima sindano.

Nilikubali haraka. Nilimpenda Kambale kwa neno lile, ingawa anapoanzisha wimbo yeye mwenyewe mbuzi wa jirani wanamwitikia. Nilitaka sauti ya dada yangu irudi. Mambo mengine yote ya safari hiyo kwangu yalikuwa mzigo wa kubeba tu.

Alfajiri ya Jumamosi tulipanda lori lililokuwa limetoka Masereka na viazi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya Butembo, na baridi ilitufanya tujibane kati ya magunia bila kuona haya. Mama yetu alikuja kutusindikiza. Alinipa chupa ya asali ya kumpelekea Masika, akanishika mkono kwa nguvu, akarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Tangu Kasereka apotee, mama alikuwa akisali ombi moja kila jioni, kwamba mwili upatikane, ili binti yake ajue pa kuanzia. Ombi hilo lilinitisha, na kumwambia sikuthubutu.

Maboya tulisimamishwa. Kulikuwa na kamba njiani, na askari mmoja mrefu, macho mekundu kwa usingizi, alitaka kujua sisi ni nani.

"Tuko bachoristes, waimbaji ba kanisa, chef," alisema Kambale. "Tunaenda kusifu Mungu ku Beni."

"Bachoristes?" Yule askari alituzunguka kwa macho. "Boyemba! Mwimbe, nisikie."

Basi tukaimba Isaya juu ya viazi, asubuhi, na midomo mikavu. Kambale aliuliza swali kwa sauti yake ile. Tulijibu tulivyoweza. Askari alisikiliza, kichwa ameinamisha, mpaka tulipomaliza.

"Nzembo ni muzuri, wimbo yenu," alisema. "Mais, lakini, haina kichwa. Kichwa yake iko wapi?"

"Iko Beni," nilimjibu kabla sijajizuia. "Tunaifuata."

Alicheka, meno yote nje, akashusha kamba. Kambale alininunia mpaka Kabasha.

Baada ya Kabasha barabara ilianza kushuka na hewa ikabadilika. Tulivua masweta moja moja. Migomba iliongezeka, kisha michikichi, na upande wa mashariki milima ya Ruwenzori ilijitokeza kidogo na kujificha tena mawinguni. Mwenzetu mmoja alianza kuchapua wimbo wa harusi, na kwa muda tulisahau kwamba kuna vita. Nadhani furaha hiyo ndiyo iliyotupumbaza.

Saa za mchana tuliingia Beni. Kambale alikuwa na mpango wake: tushuke mbali kidogo na nyumba ya Masika, tunawe vumbi, tuvae sare zetu na vitambaa vyeupe vya kichwani, tutembee kwa miguu hadi kwake tukiimba polepole. "Asikie sauti mbele ya kuona sura," alisema. Habari za kuja kwetu zilikuwa zimetumwa kwa phonie ya kanisa, ile redio ya kuitana, na tuliamini Masika anatungoja. Hatukujua kwamba wa Beni walikuwa wameificha phonie yao chini ya ardhi kwa kuogopa askari, na ujumbe wetu uliishia hewani.

Fikirieni, basi. Sisi wote tumezaliwa huku. Tunajua vizuri kwamba jamaa wakitokea wengi kwa pamoja, bila kutangaza, kwa miguu, wamevaa nguo moja, hakuna jirani anayeuliza wanafuata nini. Wameleta kifo. Tumekwenda hivyo kwenye nyumba za wengine mara nyingi. Lakini siku ile hakuna hata mmoja kati yetu aliyekumbuka.

Mwanamke wa nyumba ya kwanza alituona, akaweka ndoo chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Eyi Nyamuhanga!" alilia, akimwita Mungu kwa lugha yetu. "Bamemupata! Bamemupata Kasereka!" Sauti ikaruka ua baada ya ua. Wanawake walitoka mbio wakijifunga vitenge kiunoni. Wanaume wawili walikuwa tayari wanaburuta kuni za moto wa kilio. Tuliacha kuimba, na kunyamaza kwetu kukawa ndio uthibitisho.

Masika alitoka. Mikono yake ilikuwa na unga wa muhogo hadi viwiko. Aliangalia vitambaa vyetu vyeupe, akamwangalia Kambale, mwisho akaniangalia mimi.

"Kahindo," alisema polepole. "Mulimupata wapi?"

"Yaya, hapana. Hatukumupata. Hapana habari yoyote, tumekuja kuimba tu, yaya, ni kuimba tu..."

Hakunisikia. Kilio kilikuwa kimeshajaa uani. Aliketi chini pale pale, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, yeye ambaye mwaka mzima na zaidi hakutoa hata chozi moja mbele ya mtu. Nilijitupa pembeni yake nikamkumbatia, nikawa nalia na mimi, kwa aibu, kwa huruma, na kwa Kasereka, ambaye alikuwa shemeji mzuri na mcheshi.

Kambale alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akainua mikono, akaeleza. Ilibidi aeleze mara kadhaa. Watu walipoelewa kwamba hakuna maiti wala habari, kilio kilikoma. Jirani aliyeanzisha kilio, anaitwa Mama Soki, alibaki amesimama na beseni la maharagwe alilokuwa ameleta, hajui aliweke wapi. Kilicholetwa kwenye kilio hakirudi nyumbani, na hapakuwa na kilio. Kambale alikuwa na uso wa mtu anayetamani ardhi ipasuke. Nilijua tumemaliza kila kitu. Kama alikuwa na wimbo umebaki ndani, tumeuponda kwa miguu yetu.

Masika alijifuta uso kwa mkono, unga ukamganda shavuni.

"Mama Soki," alisema, "weka maharagwe ku moto."

"Mwanangu, unisamehe. Miye njo niliona vitambaa..."

"Weka tu. Na bengine, mukae." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Mwaka wa pili ninangoja mutu alie pamoja na mimi. Muliniogopa. Kila mara munapita hapa munaniuliza bei ya unga."

Mama Soki aliangua kilio kingine, kidogo, akaenda kupika. Ilikuwa kweli. Kumlilia Kasereka kungekuwa kusema amekufa, na hakuna aliyetaka kulisema, kwa hiyo watu walimsalimia dada yangu kwa habari za soko na mvua. Kosa letu lilikuwa limefungua mlango ambao adabu yetu ilikuwa imeufunga. Tulikaa kwenye mikeka tukala, na watu wakaanza kusimulia Kasereka alivyokuwa akipiga honi ya lori kwa mtindo wa ngoma anapokaribia nyumbani. Masika alicheka. Halafu alilia tena, halafu akaomba chumvi.

Jioni, kabla giza halijaingia, Pasta wa Beni alifika. Ni mtu mpole, mnene kidogo, anayefuta miwani kila anapotaka kusema jambo gumu. Aliifuta.

"Mama Masika, nimesikia yote. Mungu anaweza tumia hata makosa. Batu bamelia, chorale ya Butembo iko hapa na sare. Kesho asubuhi tunaweza sema matanga yameondoka, na ukarudi ku nafasi yako. Ukaimba."

Hicho ndicho nilichokuwa nimefuata. Niliomba kimoyomoyo aseme ndiyo.

"Pasta, aksanti," alisema Masika. "Mais sitamuzika mutu juu ya kupata nafasi mu chorale."

Nilimkasirikia, nakiri, kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha nikamtazama na kuona amechoka kiasi gani, na hasira ikaniisha.

"Donc hautaimba," alisema Kambale kwa huzuni.

Masika alikuwa anapangusa bakuli la maharagwe kwa kipande cha muhogo. "Miye nilitunga ule wimbo nikiwa na kila kintu," alisema. "Bwana yangu, nyumba, lori. Niliimba 'siku ile' kama ni kesho asubuhi. Pasta, Isaya wakati aliandika, siku yenyewe ilikuwa imefika?"

"Hapana," Pasta alisema. "Adui alikuwa karibu, batu banaogopa. Aliwapa wimbo mbele ya siku."

"Aliwapa bachoristes?"

Pasta alivua miwani, na mara hii hakuifuta. "Hapana, mama. Aliambia kila mwenyeji wa Sayuni apaze sauti. Sheria ya safu ni yetu sisi. Haiko ya nabii."

Masika aliitikia kwa kichwa, akaosha mikono, akatuonyesha mahali pa kulala. Hakusema ataimba. Hakusema hataimba. Nilipomuuliza aliniambia nimpe asali ya mama na ninyamaze.

Jumapili asubuhi tulikusanyika nje, kando ya barabara kuu, kwa sababu ndani ya kanisa walikuwa wanalala watu wa Ituri na vyombo vyao. Jua la Beni lilituchoma, sisi watu wa baridi. Pikipiki zilipita na vumbi lao, malori yalipita, na wauza maandazi walijipanga ng'ambo kana kwamba ibada ni soko. Masika alikuja amejifunga kitenge cha kawaida. Alipita mbele ya safu yetu bila kusimama, akaenda kuketi nyuma kabisa, kwenye mikeka, kati ya wanawake waliokimbia.

Pasta alisoma sura ya Isaya. Kambale alitupanga. Wote tulijua kwamba mahali pa swali pako wazi, na kwamba jana usiku Kambale alikuwa ameapa hatalijaza yeye. Aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena. Lori moja lilikuwa linapanda kilima taratibu. Nilikodolea macho vidole vya Kambale hewani, nikasema moyoni, Mungu wangu, asiaibike mtu huyu mwema.

"Siku ile mutasema nini?"

Ilitoka nyuma ya watu wote. Ilikuwa sauti ya dada yangu, yenye mikwaruzo ya kilio cha jana, ikianzia chini na kupanda bila haraka. Watu waligeuka. Sisi tulijibu, nami sina hakika kama niliimba au nililia kwa kufuata noti.

Aliuliza tena, na wanawake wa mikekani wakajibu pamoja nasi, maana jibu lake ni jepesi kushika. Mara ya tatu alisimama. Na pale ambapo wimbo huwa unaisha, hakumaliza. Aliendelea na maneno ambayo hatukuyajua.

"Bado sijamuona..."

Tulitazamana. Kambale ndiye aliyetutoa katika mkwamo huo, akatuonyesha jibu kwa mkono: "Tutasema!"

"Bado ninangoja..."

"Tutasema!"

Mwanamke mwembamba pembeni yake, mwenye mtoto mgongoni, aliinua uso. "Bado nyumba yangu ni majivu," aliimba, kwa sauti nyembamba isiyojua noti.

"Tutasema!"

"Bado mama yangu iko mu pori!" mwingine akadakia.

"Tutasema!"

Ikawa hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja na la kwake, na umati ukimwitikia kila mmoja. Waendesha pikipiki walizima injini. Mwuza maandazi mmoja aliliacha beseni lake akavuka barabara, akaimba jambo kuhusu mwanawe na akarudi kazini. Pasta alikuwa analia waziwazi, miwani mkononi. Sijawahi kuona sifa za Mungu zikiwa na machozi mengi hivyo, na bado zilikuwa sifa. Zilisikika hadi sokoni, tuliambiwa baadaye.

Jumatatu tulipata lori la mafuta ya mawese lililokuwa linapanda Butembo. Nilimbembeleza Masika arudi nasi nyumbani, akae na mama hata mwezi mmoja.

"Na akirudi, atapiga hodi wapi?" aliniuliza, akanifunga kitambaa vizuri kichwani kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. "Enda. Wasingya, aksanti, Kahindo. Muambie Kambale vitambaa vyeupe avichome."

Njiani kurudi baridi ilitupokea Kabasha, masweta yakarudi mwilini. Nilikuwa nimeondoka nikidhani kwamba mtu humsifu Mungu hadharani akiwa na la kusimulia, mambo yakiwa yamekwisha na kueleweka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiisoma ile sura. Sasa nafikiri nabii aliwajua watu kuliko nilivyofikiri. Alijua kwamba wale wanaongoja ndio wenye haja ya wimbo, na kwamba wakiuimba peke yao vyumbani utawasonga. Wanahitaji barabara na watu wa kuwaitikia.

Butembo tulifika jua likizama. Mama alikuwa mlangoni, amejifunga shuka, na nilimwona akihesabu nyuso zetu akitafuta ya Masika.

"Iko muzima?" aliuliza.

"Iko muzima. Alibaki."

"Bamemupata?"

"Hapana, mama."

Nilimweleza kila kitu pale pale mlangoni, kuhusu vitambaa na kilio na maharagwe ya Mama Soki, na jinsi Masika alivyomkatalia Pasta. Niliposema hivyo alifumba macho, nikaogopa nimemwumiza. Kisha akataka kusikia alichoimba binti yake. Mimi si mwanzishaji, sauti yangu ni ya kujificha kati ya nyingine, lakini nilijaribu.

"Bado sijamuona," niliimba.

Mama alishika mwimo wa mlango. Kasereka hajarudi hadi leo ninapoandika, na hakuna aliyetuletea habari yake. Lakini tangu jioni ile sijamsikia mama akiomba mwili upatikane. Pale mlangoni alivuta pumzi, mwanamke ambaye maisha yake yote aliimba kwa kunong'ona hata kanisani, akanijibu kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

"Tutasema!"